KAUSHA ZULIA LA GARI KABLA YA KULIRUDISHA

Usirudishe zulia la gari likiwa bado na unyevu. Unyevu ukikaa siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Vumbi lake likivutwa puani huleta mafua na kikohozi, na mwenye pumu hubanwa kifua.

Fanya hivi:

1. Usifue zulia ukiwa umesimama ndani ya Ziwa Viktoria. Kando ya ziwa, Musoma hata Bunda, kuna kichocho. Tumia maji ya bomba, au ya ziwa yaliyokaa pipani siku mbili.

2. Likamue, ulianike juani juu ya kamba. Ligeuze ili likauke pande zote mbili.

3. Sponji iliyo chini ya zulia hunywa maji mengi. Itoe ikauke nayo. Pangusa sakafu ya gari isipate kutu, uache milango wazi.

4. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, anika barazani penye upepo.

Kabla ya kulirudisha, ligandamize kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikilowa, zulia bado halijakauka. Subiri. Mapafu ya abiria wako yanakutegemea.