Kichwa Kinauma Wiki Tatu na Mkono Umelegea? Kabla Useme Ni Kurogwa, Soma Hii

Ukikaa kwa steji ya Khayega utaskia stori ya aina hii, na si ya mtu mmoja. Msee alikuwa fiti kabisa, anabeba watu na boda, halafu kichwa kikaanza kumsumbua. Baada ya wiki kadhaa mkono mmoja hausikii, anasahau majina ya watoto wake, siku moja anaangushwa na kifafa mbele ya watu. Kijiji kishaamua: amerogwa. Wengine wanasema ni pombe. Kile hakuna mtu atasema kwa sauti ni kwamba jamaa alikanyaga waya kitambo na dawa aliwacha kumeza.

Inaweza kuwa limfoma ya ubongo. Limfoma ni kansa ya seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yao ni kulinda mwili. Nyingi huvimbia kwa shingo ama kwapa, lakini hii huanzia ndani ya ubongo. Haipati kila mwenye virusi. Mtu mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1,500 hivi, na wengi wanaopatwa na hii kansa kwa Ukimwi wako chini ya 50. Hapo kinga imebaki jina tu.

Sasa cheki inatoka wapi, maana hii stori ni ya huku kwetu. Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago pale Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Vipande vya huo uvimbe vilitumwa London, na mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani yake. Ndio kinaitwa Epstein-Barr. Ata wewe unayesoma hii pengine unacho, kwa sababu watu wengi hukipata wakiwa watoto kupitia mate. Kinalala tu, kinga inakikalia. Kinga ikiisha kinaamka na kuanza kusukuma seli zizaane ovyo. Karibu limfoma zote za ubongo za watu wenye Ukimwi hukutwa na hicho kirusi.

Shida kubwa iko kwa skani. Kuna ugonjwa mwingine, toksoplasmosisi, unaoletwa na kijidudu cha mavi ya paka na nyama haijaiva. Nao hupiga ubongo wa mtu mwenye CD4 ya chini, na kwa picha hizo mbili hufanana kama fahali wawili weusi ukiwaona toka mbali. Mara nyingi tokso huleta vivimbe kadhaa na limfoma kimoja kikubwa, lakini si kila mara. TB ya ubongo pia inaweza kuchanganya daktari.

Ndio maana mara mingi daktari huanza na dawa ya tokso. Hapa Kenya hiyo ni Septrin ya dozi kubwa, dawa ya bei rahisi. Kama ni tokso, mgonjwa huanza kupata nafuu ndani ya wiki moja ama mbili. Kama hakuna kitu imebadilika, wanaanza kushuku limfoma. Wanaweza kupima maji ya uti wa mgongo kutafuta kile kirusi, kama ni salama kuyatoa, ama wakate kipande kidogo cha uvimbe waende nacho maabara. Steroidi nazo ni mtego. Zinashusha uvimbe na mgonjwa anaamka vizuri, lakini zinaweza kuyeyusha limfoma kwa muda mpaka kipimo kisione kitu.

Zamani wagonjwa walichomwa kwa mionzi kichwa chote na wengi bado walienda ndani ya miezi michache. Siku hizi dawa kuu ni methotreksati ya dozi kubwa kupitia mshipa, saa zingine na rituksimabu. Si kemo ya kuchukua na kurudi nyumbani. Unalazwa, unajazwa maji, figo zinaangaliwa, damu inapimwa mpaka dawa itoke mwilini. Septrin husimamishwa kwa huo muda kwa sababu hizo mbili zikipatana zinaumiza damu. Na pamoja na hayo yote, ARV lazima zirudi mara moja. Bila kinga kurudi, kemo peke yake haiwezi kushikilia. Waliopata zote mbili, kuna wenye wameishi miaka.

Kwa ground, mtu wa Khayega ana Mukumu hapo karibu, halafu hosi ya rufaa Kakamega. Mambo ya wapasuaji wa ubongo na kemo nzito mara nyingi ni Eldoret, pale Moi, unapitia Chavakali na Kapsabet. ARV ni bure. Kulazwa na skani si bure, so uliza mapema SHA inalipa nini, kwa sababu doo ndio huwarudisha wengi nyumbani katikati ya matibabu.

Ukimpeleka mtu wenu, beba kadi yake ya kliniki ya ARV. Daktari akiuliza aliwacha dawa lini, mwambie mwezi na mwaka, ata kama mathe amesimama hapo na hakuwa anajua.