Samaki wa Mtoni Nyumbani: Tengeneza Maji Kwanza

Mtu atakaye kufuga kuku hujenga banda kwanza, na atakaye kufuga ng'ombe hutafuta malisho kwanza. Lakini wengi watakao kufuga samaki humtafuta samaki kwanza, wakamtia ndani ya karai au chupa kubwa, ndipo waanzapo kufikiri habari za maji. Samaki huyo hufa baada ya siku chache, na mwenyewe husema kwamba samaki wa porini hafugiki. Neno hilo si kweli. Samaki wa mito na maziwa yetu aweza kufugwa vizuri hata katika chumba kimoja cha Dandora, maadamu mfugaji ajua kwamba kazi yake ya kwanza ni kutunza maji.

Samaki tunaowanena hapa si wale wadogo wa rangi nyingi wanaouzwa madukani. Twanena habari za samaki wavuliwao kwa ndoano: perege, ambaye wengi humwita tilapia na Waluo humwita ngege, kambare, ambaye Waluo humwita mumi, mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, na wale wageni wawili, trauti na besi.

CHAGUA SAMAKI KWA UKUBWA ATAKAOKUWA NAO

Samaki mchanga wa urefu wa kidole hudanganya macho. Kabla ya kumchukua yafaa kuuliza: Je, akikua atakuwa na ukubwa gani?

Mbuta aweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Hakuna tangi la nyumbani liwezalo kumtosha, naye hula kila samaki mwingine aliye mdogo kuliko kinywa chake. Trauti aliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, akatiwa katika mito ya milimani. Yeye hutaka maji baridi yaendayo mbio, yenye hewa nyingi, na ndani ya nyumba ya mjini hawezi kudumu. Besi aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Huyo naye ni mlaji wa samaki wenzake, na hukua kuwa mkubwa.

Kambare ni mvumilivu kuliko wote. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo aweza kuishi katika maji machafu ambayo yangemwua samaki mwingine. Jambo hilo humdanganya mfugaji, akadhani kwamba maji yake ni mazuri. Tena kambare hupita urefu wa mita moja, na usiku huruka nje ya chombo kisichofunikwa vizuri.

Basi afaaye zaidi ni perege mdogo, na hasa yule wa asili ya mito ya Athi na Tana, ambaye hakui sana kama ndugu yake wa Ziwa Victoria. Tena ana tabia za kupendeza. Dume huchimba shimo mchangani kwa kinywa chake, na jike hutaga humo. Kisha jike huyachukua mayai kinywani mwake na kuyahifadhi mpaka watoto waweze kuogelea. Hata baada ya hapo, watoto wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Watoto wa nyumbani wakiliona jambo hilo mara moja hawatalisahau.

MAHALI PA KUMPATA

Wakazi wa Dandora wana mto karibu nao, lakini samaki wa mto huo wasichukuliwe. Mto Nairobi hupita kando ya jaa kubwa la taka lililoanza miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika ujirani wa jaa hilo. Watoto na vijana 328 walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kilichokubaliwa. Maji yapitayo mahali kama hapo, na matope yake, si kitu cha kuleta nyumbani penye watoto, wala samaki wake si wa kuliwa.

Njia iliyo salama ni kununua samaki wachanga kutoka mahali pa kuzalishia. Kituo cha Sagana katika Kaunti ya Kirinyaga, kilichoanzishwa mwaka 1948, ni mojawapo ya vituo vya zamani vya kazi hiyo katika nchi yetu. Mtu atakaye kuvua mwenyewe mtoni au bwawani hana budi kuuliza kwanza katika ofisi ya uvuvi ya kaunti, kwa maana uvuvi una sheria yake, iliyotungwa upya mwaka 2016.

KWA NINI SAMAKI HUFA SIKU ZA KWANZA

Samaki hula, hunya na kupumua ndani ya maji yale yale. Uchafu wake hutoa sumu iitwayo amonia. Mtoni sumu hiyo huchukuliwa na maji yaendayo, lakini katika karai haina mahali pa kwenda. Huongezeka kila saa, huchoma matamvua, na samaki hufa ingawa maji yaonekana meupe kama ya kunywa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: maji meupe si lazima yawe maji mazuri.

Mungu ameweka dawa ya jambo hili katika maumbile. Kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo hukaa juu ya mawe, mchanga na sifongo. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara mengi ikiwa kidogo. Lakini vijidudu hivyo havizaliwi kwa siku moja. Katika tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Katika wiki hizo tangi hufanana na shamba lililolimwa lakini halijaota kitu.

KUTENGENEZA TANGI

Kwa perege watatu, dume mmoja na majike wawili, tafuta tangi la kioo la urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50. Hilo huchukua lita 200. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo tangi hilo pamoja na kioo, mchanga na mawe hupita kilo 200. Viwanja vya Dandora vilianza kugawiwa katika mpango wa miaka ya 1970 uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na leo vingi vimejengwa ghorofa. Akaaye ghorofani aweke tangi kando ya ukuta imara, juu ya meza ya chuma au mbao nene, wala si katikati ya chumba. Kama hana hakika ya nguvu ya sakafu, na amwulize fundi kwanza.

Kisha fuata mambo haya kwa taratibu:

1. Osha mchanga na mawe laini kwa maji matupu, bila sabuni. Usihangaike kupanda majani, kwa sababu perege huyala na kuyang'oa.

2. Jaza maji ya bomba. Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, nayo husafishwa huko Ng'ethu na kutiwa klorini. Klorini humlinda mwanadamu, lakini humwua samaki na vile vijidudu vizuri. Acha maji katika ndoo zilizo wazi kwa muda wa siku nzima kabla ya kuyatumia, au nunua dawa ya kuondoa klorini katika duka la samaki.

3. Weka pampu ndogo ya hewa yenye kichujio cha sifongo. Sifongo ndiyo nyumba kubwa ya vijidudu.

4. Tia chakula kidogo sana cha samaki kila siku, ingawa samaki hawapo. Kikioza hutoa amonia, nayo huvilisha vijidudu. Ukimpata rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sifongo yake. Hicho ni mbegu, na kitapunguza siku za kungoja.

5. Wiki hizo zikiisha, leta samaki mmoja kwanza. Mfuko wake uelee juu ya maji ya tangi kwa muda wa nusu saa, ili joto la maji lilingane, ndipo umwachilie. Wengine waje baadaye.

6. Funika tangi kwa kifuniko chenye nafasi za kupitisha hewa.

KAZI YA KILA SIKU NA YA KILA WIKI

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika chache tu. Chakula kinachobaki ni sumu ya kesho. Katika mwezi wa Julai, usiku wa Nairobi unapokuwa baridi, perege hula kidogo. Basi naye apewe kidogo.

Kila wiki ondoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyokwisha kutolewa klorini. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Mwenye kupata maji kwa zamu ataona kwamba hiyo ni hasara, lakini maji hayo hayapotei. Yana nitrati, ambayo ni mbolea, nayo yafaa sana kumwagilia sukuma wiki iliyopandwa katika magunia. Usibadilishe maji yote kwa mara moja, wala usioshe sifongo kwa maji ya bomba. Ioshe kidogo katika yale maji uliyoyatoa tanginini, vijidudu visife.

Umeme ukikatika, teka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, ili hewa iingie. Ukiona samaki wanapanda juu na kuhema, au wamekataa chakula, usitafute dawa kwanza. Badilisha nusu ya maji siku ile ile.

USIMWACHILIE SAMAKI MTONI

Huenda samaki akakua kupita tangi, au mfugaji akahama. Wengi hudhani ni huruma kumtupa samaki katika mto au bwawa lililo karibu. Jambo hilo limeleta hasara kubwa katika nchi hizi. Mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Alipozidi miaka ya 1980, pamoja na maji kuharibika, wale samaki wadogo waitwao fulu walitoweka kwa wingi. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Katika Ziwa Naivasha samaki aitwaye kapu, aliyeingia pasipo mtu kukusudia, alionekana mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayevuliwa kuliko wote.

Samaki aliyezidi ukubwa apewe mwenye tangi kubwa au bwawa lililofungwa, au arudishwe kwa aliyemuuza. Perege aliyelishwa vizuri katika maji safi, bila kutiwa dawa, aweza pia kuliwa.

Lakini habari za fulu zina upande wa pili. Baadhi ya aina zao zilichukuliwa zikiwa hai, zikatunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, zikazaana humo wakati zilipokuwa zikitoweka ziwani. Waliozihifadhi hawakutumia uchawi wowote. Walijua ukubwa wa samaki wao, walitengeneza maji kabla ya kumtia samaki, na walibadilisha maji hayo wiki kwa wiki bila kuchoka. Kazi hiyo yawezekana Dandora kama inavyowezekana kwingineko, kwa mtu awezaye kungoja wiki sita akitazama tangi lisilo na samaki.