Vipokezi vinavyoongoza safari ya seli za ubongo

Seli za neva zinazounda gamba la ubongo wa binadamu hazizaliwi mahali zinapofanyia kazi. Nyingi huchipuka kandokando ya vyumba vya maji vilivyomo katikati ya ubongo wa kijusi, kisha hupanda zikishikilia nyuzi ndefu za seli saidizi ziitwazo glia, kama mkwezi apandavyo mnazi, hadi zifike kwenye matabaka yake.

Mwendo huo huongozwa kwa sehemu na vipokezi, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazonasa nyurotransmita, ambazo ni kemikali za kupitisha ujumbe baina ya neva. Kijusi huanza kuzitumia kemikali hizo hata kabla ya viungio vya neva kujengeka. Mwaka 1993 Hitoshi Komuro na Pasko Rakic, wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, walionyesha katika vipande vya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, ya panya kwamba kipokezi kiitwacho NMDA, kinachonasa glutamati, mojawapo ya kemikali hizo, kikizibwa, seli hupunguza mwendo, na kikichochewa, huongeza kasi. Kwani kikifunguka huingiza kalsiamu, na kupanda na kushuka kwa kalsiamu hiyo ndiko kunakoziendesha nyuzi za protini zinazoisogeza seli.

La kustaajabisha zaidi linahusu GABA, kemikali ambayo katika ubongo uliokomaa hutuliza seli. Seli changa zimejaa kloraidi, na kwa hiyo GABA huziamsha badala ya kuzituliza, nazo huendelea kusafiri. Baadaye protini iitwayo KCC2 inapoongezeka na kuitoa kloraidi nje, GABA hugeuka kuwa kitulizo, mawimbi ya kalsiamu hupungua, na seli husimama. Kemikali ileile huwa amri ya kwenda na amri ya kutua, kutegemea ukomavu wa seli inayoipokea.

Hapo ndipo pombe inapoleta madhara makubwa. Hupenya kondo la nyuma kwa urahisi na kuvuruga vipokezi vya NMDA na vya GABA pia. Katika wanyama wa maabara imeonekana kuchelewesha baadhi ya seli na kuharakisha nyingine, na mpangilio uliovurugika hivyo hauna dawa ya kuurejesha baada ya mtoto kuzaliwa. Iwe bia, mvinyo au mbege, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama katika mwezi wowote wa ujauzito. Mjamzito na aiache kabisa, na walio karibu naye wamsaidie kuiacha.