CHOYA KATIKA UA MDOGO KANDO YA VIWANDA

Katika bustani za vijijini huko Ulaya hupandwa ua moja refu, lisimamalo ukutani kama mlinzi wa zamu. Wafaransa huliita waridi, ingawa si waridi hata kidogo. Mbegu yake ikipandwa mwaka huu, kwa kawaida hutoa majani tu. Maua husubiri mwaka wa pili, baada ya baridi kupita. Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, baridi hiyo haipo, na familia ya askari anayeweza kuhamishwa wakati wowote haina miaka miwili ya kungojea ua.

Lakini ukoo wa ua hilo si mgeni nchini Burundi. Pamba ya bonde la Imbo, iliyokuwa ikilisha kiwanda cha nguo cha COTEBU, ni wa ukoo huo. Bamia pia, na choya, ambayo majirani wa Kongo huila majani yake kwa jina la ngaingai. Kwa mama wa nyumbani mwenye ua mdogo katika eneo la Zone Industrielle, choya ndiyo ifaayo: hurefuka hadi kupita kimo cha mtu, hutoa ua zuri la siku moja, na huvunwa baada ya miezi mitano hivi.

Hata hivyo, jambo la kwanza si mbegu bali ni udongo. Uwanja uliowahi kumwagiwa mafuta machafu ya injini, au kuvunjiwa betri za magari, haufai kabisa kwa kitu kitakacholiwa. Risasi iliyomo katika betri hukaa ardhini miaka mingi, na madhara yake huwapata zaidi watoto, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Kuosha majani huondoa vumbi. Hakuondoi kilichokwisha kuingia kwa mizizi, wala kuchemsha hakusaidii. Penye shaka, ni heri kupanda katika magunia au ndoo kubwa zilizotobolewa chini na kujazwa udongo kutoka mahali safi pamoja na samadi iliyooza. Ndoo iliyobeba rangi au dawa za kiwandani isitumiwe, hata ikipatikana bure.

Mvua zinapoanza, yapata Oktoba, mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha hufukiwa mbili au tatu katika shimo la kina cha sentimita 2, mahali penye jua. Baada ya juma moja miche huwa imechomoza. Ulio bora huachwa na mingine hung'olewa. Ardhini, nafasi ya sentimita 90 haizidi mahitaji. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja, hivyo haupendi kuhamishwa. Choya huchanua kwa kufuata ufupi wa mchana, nao karibu na ikweta haurefuki kiasi cha kuizuia.

Adui mkubwa ni kangambili, yule mdudu mwekundu wa pamba, afyonzaye mbegu. Katika ua mdogo dawa haihitajiki: huokotwa asubuhi na kutumbukizwa katika maji ya sabuni.

Vikombe vyekundu vinavyozunguka tunda huchumwa vingali laini, yapata majuma matatu baada ya ua kuanguka. Kwa kuwa ni vichachu sana, vichemshwe katika chombo cha chuma kisichoshika kutu au cha bati lenye enameli, si katika sufuria ya alumini, maana uchachu huo huila. Kinywaji chake hushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Anayemeza dawa za ugonjwa huo amwarifu daktari kabla ya kukizoea.

Matunda machache ya mmea wenye afya yaachwe yakauke juu ya shina. Choya hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mbegu zake huzaa mfano wa mama yake. Zikikauka vizuri, hutiwa katika chupa yenye kifuniko kikazacho, na mwaka na mwezi wa kuvunwa huandikwa juu yake.