Je, Wajua? Jicho Laweza Kuwa la Kwanza Kutangaza MS

Mwaka 1822 Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alitoka mazikoni huko Uskoti macho yakiwa yamefifia hata barua zake ikabidi asomewe. Yalipona bila dawa. Shajara yake ni miongoni mwa maelezo ya kale zaidi ya maisha na MS, maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho.

Neva ya jicho ikivimba, aghalabu ni ya jicho moja. Jicho huuma likizungushwa, na kuona hufifia ndani ya siku chache. Rangi nyekundu ndiyo huathirika zaidi: kanga ile ile hung'aa kwa jicho zima, lakini kwa jicho gonjwa huonekana imepauka. Kwa nje jicho halina kasoro, na hapo ndipo hatari ya kulipuuza ilipo.

Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza jinsi mazoezi yanavyofifisha kuona kwa wagonjwa wa MS. Chanzo ni kupanda kwa joto la mwili. Likishuka, nuru hurejea.

Steroidi za kuchomwa kwenye mshipa huharakisha kupona kwa neva ya jicho iliyovimba. Si kila mwenye uvimbe huu ana MS, lakini jicho likiuma unapoligeuza na nuru ikapungua, usikimbilie matone ya dukani. Muone daktari wa macho mapema.