Uvimbe na Jipu la Tezi za Bartholin

Kati ya uvimbe wa aina nyingi unaotokea sehemu za siri za mwanamke, unaotesa mno ni ule wa tezi za Bartholin, zilizopewa jina la Caspar Bartholin, mtaalamu wa anatomia wa Denmark aliyezieleza mwaka 1677. Tezi hizo ni mbili, kila moja ikilingana na punje ya njegere, nazo zimejificha kulia na kushoto mwa mlango wa uke, upande wa chini, zikitoa ute wa kuulainisha kupitia vijia vyembamba vyenye urefu wa takribani sentimita 2.5. Kijia kikiziba, ute hukosa pa kutokea, ukajikusanya na kufanya uvimbe ambao, ukiwa mdogo, hauumi, na mwenye nao huenda asiutambue mpaka aupapase anapooga.

Bakteria wakiingia, uvimbe hugeuka jipu: shavu moja la uke huvimba na kupata joto, maumivu hupwita, na kukaa au kutembea huwa adha. Wengi huharakisha kumdhania mgonjwa uasherati, na dhana hiyo, ambayo si ya haki, ndiyo huwafanya wanawake wajifiche na maradhi. Ilhali, ingawa kisonono na klamidia huweza kuchangia, bakteria anayeonekana mara nyingi ni E. koli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo.

Uvimbe mdogo usiouma hauhitaji tiba. Ukianza kuuma, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, huweza kuufanya upasuke wenyewe, lakini kuuminya au kuutoboa kwa sindano nyumbani hueneza maambukizi. Jipu lililoiva halitibiwi kwa vidonge pekee. Hupasuliwa kwa ganzi ili usaha utoke, na kwa kuwa mkato ukifunga upesi jipu hurudi, daktari huweza kuingiza mpira mwembamba wenye puto dogo nchani, ukae wiki 4 hadi 6 hadi njia mpya ijijenge, au akashona kingo za mkato zibaki wazi.

Kwa mwanamke aliyepita miaka 40, kinyama kidogo hukatwa kikapimwe, kwani saratani ya tezi hiyo, ijapokuwa ni nadra sana, huweza kuanza kwa sura hiyohiyo. Mjamzito mwenye jipu, au yeyote aliyeshikwa na homa, asingoje kesho. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo.