Iambie VLC la kufanya kabla haijafunguka

Skrini ya mapokezi inayoonyesha video za elimu ya afya huwa na adui mmoja mkubwa: umeme kukatika. Ukirudi, mhudumu huacha wagonjwa kwenye foleni, akawasha kompyuta, akafungua VLC, akatafuta folda, akapanua picha ijae skrini, kisha akabofya kitufe cha kurudia. Kazi yote hiyo, ukiacha kuwasha kompyuta, inaweza kuandikwa mara moja, katika mstari mmoja wa amri.

VLC ni programu ya bure ya kuchezea video, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa. Inapofunguka hufuata mipangilio uliyoihifadhi kwenye menyu yake, lakini ikikuta chaguo kwenye amri iliyoifungua, hulitanguliza hilo. Chaguo hilo hutumika kwa mara hiyo tu. Kwa hiyo mchana kompyuta inaweza kurudia video za afya bila kukoma, na jioni karani akatazama mkutano uliorekodiwa kwenye kompyuta hiyohiyo bila kugusa mipangilio.

Kwenye Windows, amri ya skrini yetu itakuwa hivi:

"C:\Program Files\VideoLAN\VLC\vlc.exe" --fullscreen --loop --no-video-title-show "D:\Elimu ya afya"

Sehemu ya kwanza inaonyesha programu ilipo. Chaguo la kwanza linajaza picha kwenye skrini nzima. La pili linarudia orodha yote ikifika mwisho. Ukitaka faili moja tu lijirudie, tumia --repeat. La tatu linazuia jina la faili lisitokee juu ya picha kila video inapoanza. Mwisho ni folda yenye video, na kwa kuwa jina lake lina nafasi katikati, lazima lizungushiwe alama za nukuu. Ukizisahau, VLC itadhani umeitajia mafaili matatu tofauti.

Huna haja ya kuandika amri hii kila siku. Tengeneza njia ya mkato ya VLC kwenye eneokazi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha kwenye kisanduku cha "Target" acha nafasi moja baada ya maneno yaliyomo na uongeze chaguo zako na folda. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na uiweke njia hiyo ya mkato kwenye folda itakayofunguka. Tangu hapo, mtumiaji akishaingia kwenye kompyuta, video zitaanza zenyewe.

Kuna tofauti ndogo inayowasumbua wengi. Chaguo lenye vistari viwili mbele huigusa programu nzima, ilhali lenye nukta pacha hugusa faili lililotangulia tu:

vlc utangulizi.mp4 :start-time=90 chanjo.mp4

Hapa video ya utangulizi itaanzia sekunde ya 90, na ya chanjo itaanza mwanzo kabisa. Ungeandika --start-time=90, zote mbili zingerukwa sekunde 90 za kwanza. Kwa anayeandaa mafunzo yenye video nyingi, nukta pacha humwokoa asilazimike kukata mafaili.

Kila programu ina msamiati wake. mpv, kwa mfano, hutumia --fs kwa skrini nzima na --start=1:30 kwa kuanzia dakika moja na nusu. VLC ikikuta chaguo isilolijua hukataa kuanza, hivyo herufi moja iliyokosewa yatosha kuiacha skrini tupu. Ongeza chaguo moja, jaribu, ndipo uongeze jingine. Na kabla ya kumkabidhi mhudumu kompyuta hiyo, izime kabisa, iwashe tena, uhakikishe video zinaanza bila mkono wa mtu.